Siku Niliyotafsiri Laana Yangu Mwenyewe

Nyie mnaojifunza kutafsiri kwa mikono, kuna siku mtaogopa. Nalisema mapema kwa sababu darasani hamtaambiwa. Mtafundishwa alama. Mtafundishwa kusimama penye mwanga na kutoliacha dirisha mgongoni, maana dirisha likiwa nyuma yako kiziwi anaona kivuli tu kinachopunga mikono. Mtaambiwa mvae nguo ya rangi moja iliyokolea, msipake kucha rangi, mvue pete. Yashikeni hayo yote. Ila hakuna atakayewaambia mfanye nini mikono yenyewe ikianza kutetemeka.

Mie nimeifanya kazi hii hospitali, polisi, mahakamani, harusini, misibani na kanisani, mpaka viungo vya vidole vilipoanza kuvimba na daktari akaniambia nipumzike. Naishi Temeke, nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu. Viziwi wananiita kwa kugusa meno ya mbele kwa kidole, kwa sababu ya mwanya wangu. Nyie niiteni Mama Nsia kama wengine.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Kondo, fundi viatu wa hapahapa Temeke, Mzaramo, kiziwi tangu utotoni. Siku ya kwanza aliyokubali nimsindikize hospitali, daktari alimuuliza anaumwa nini. Akaeleza kwa mikono, nami nikasema, "Anasema tumbo linamuuma upande wa kulia." Basi daktari akanigeukia mie, na tangu hapo hakumtazama tena mgonjwa. "Amekula nini? Anakunywa? Mwambie apande kitandani."

Tulipotoka, Mzee Kondo alinigombeza barabarani hadi watu wakasimama, maana kiziwi akigomba utadhani anafukuza nyuki.

"Nikisema mimi, wewe sema mimi!" alinifokea. "Ukisema 'anasema', umenitoa chumbani."

Sikurudia tena. Nimesema "mimi ndiye niliyeiba" mbele ya hakimu. Nimesema "mimi nina mimba" mbele ya wazazi wa binti. Na siku moja nilisema kwenye kipaza sauti, "Mimi nimempenda mwanamke huyu tangu tukiwa shule," nikainua macho nikamwona mume wangu amesimama mlangoni mwa ukumbi. Alikuja kunichukua, hakujua natafsiri maneno ya bwana harusi. Tulifika nyumbani hajanisemesha. Ilibidi nimwite bwana harusi mwenyewe aje amweleze, na kumbe na hayo maelezo nitayatafsiri mie!

Chekeni tu. Sasa niwaambie la Kiwalani.

Kanisa lilikuwa la mabati, chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege ikipita mhubiri hunyamaza, kanisa zima hunyamaza, na viziwi wetu, waliokaa benchi la mbele upande wa kushoto, hupiga soga mpaka ndege iishe. Mhubiri akitoa kichekesho, wao walicheka baada ya wenzao kidogo, kwa sababu mkalimani lazima asikie kwanza ndipo aseme. Wageni walidhani wanamcheka mhubiri.

Nilipoanza kutafsiri pale, mhubiri huyo tulimwita Mchungaji. Alikuwa kijana mnyenyekevu, anatembelea wagonjwa kwa miguu. Mume wa Yusta alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia mazishi mwanzo mpaka mwisho, na hilo Yusta hakulisahau. Yusta alikuwa kiziwi, fundi cherehani, akiishi chumba cha kupanga hapohapo Kiwalani na binti yake mmoja, Upendo, mtoto wa darasa la nne. Upendo anasikia vizuri, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu, maana lugha ya mama yake ndiyo aliyoanza nayo kabla ya Kiswahili.

Baadaye Mchungaji akawa Askofu, halafu akawa Mtume. Na kadiri cheo kilivyopanda, mahubiri yalizidi kuwa yaleyale. Mkalimani huliona hili kabla ya muumini, kwa sababu muumini anasikiliza, mkalimani anabeba. Mikono yangu ilianza kujua kinachokuja. Kama si Anania na mkewe walioanguka wakafa mbele ya mtume, basi ni Kora aliyempinga Musa, ardhi ikapasuka ikammeza na nyumba yake. Kama si hao, basi ni onyo la kutomgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Biblia ni kubwa, lakini pale Kiwalani ilibaki kurasa chache, na kila ukurasa ulikuwa na mtu aliyeuliza swali akafa.

Na watu waliamini, mie nikiwemo. Kulikuwa na baba mmoja aliyehoji kwa nini Mtume hakosolewi. Mwezi haujaisha akagongwa na pikipiki, mguu ukavunjika. Jumapili iliyofuata Mtume hakumtaja. Alisoma tu habari za Kora, akafunga kitabu, akatutazama. Ningependa kuwaambia kwamba nilicheka moyoni. Nilihisi baridi mgongoni, pamoja na joto lote lile la mabati.

Halafu ikaja Nyumba ya Samweli. Mtume alihubiri habari za Hana, mama aliyemtoa mwanawe mdogo akalelewe hekaluni, akasema Mungu anawataka Samweli wa leo. Wazazi wakaanza kutoa watoto waende kukaa nyumbani kwake Kinyerezi, wasali, wahudumu, wafundishwe. Wengi walikuwa wasichana. Jumapili waliletwa wamevaa nyeupe, wakakaa mstari wa mbele karibu na mke wa Mtume.

Mmoja wao alikuwa Loveness, binti wa mhudumu wetu wa mlangoni. Mtoto huyo zamani alikuwa hatulii, ukimsalimia anakuwa ameshakimbia. Siku moja baada ya ibada nilimwona mama yake akimshika bega, amfunge vizuri kitambaa cha kichwa. Loveness hakugeuka. Alimtazama kwanza mke wa Mtume, ndipo akamtazama mama yake. Mama Loveness akaondoa mkono wake taratibu, kama mtu aliyegusa kitu cha watu.

Ijumaa moja mchana Mtume aliniita ofisini.

"Shikamoo, Mama Nsia."

"Marahaba, Mtume."

Alinisalimia kwa adabu kabisa, yeye amekaa na mie nimesimama.

"Mama yangu, Haruni alikuwa nani kwa Musa?"

"Ndugu yake."

"Alikuwa kinywa chake. Musa alipokea kwa Mungu, Haruni akawaambia watu. Wewe ndiye Haruni wangu kwa wale viziwi." Akainama mbele kidogo. "Jumapili namwita Upendo. Ametakiwa Nyumba ya Samweli. Sasa mama yake ni mjane, tena hasikii, ataleta mambo ya kimwili. Wewe mwambie tu namwombea mtoto kwa ajili ya masomo. Akitikisa kichwa inatosha, kanisa litakuwa limeshuhudia."

Nikasema, "Mtume, hiyo haitakuwa tafsiri."

Hakukasirika. Bora angekasirika.

"Haruni na dada yake walipomnung'unikia Musa, yule dada alipatwa na nini?"

"Ukoma."

"Mwili mzima," akasema polepole, huku akiitazama mikono yangu. "Nenda kwa amani, mama."

Wanangu, mie ni mtu mzima, nimesimama mbele ya mahakimu na majambazi. Lakini nilipofika nyumbani niliikagua mikono yangu kwenye mwanga. Karibu na kiwiko nikaona doa jeupe. Nikakaa chini palepale uani. Kumbe ni unga wa chapati nilizosukuma asubuhi. Nikaunawa, halafu nikanawa tena. Na kibaya zaidi, binti yangu Nsia alikuwa mjamzito, miezi imetimia. Niliwaza, na kama laana ikinipita mie ikamwendea yeye?

Nilifungua Biblia nikasoma habari za Hana mwenyewe. Hakuna kuhani aliyemwomba mtoto. Aliweka nadhiri mwenyewe, kwa hiari yake, na kila mwaka alikwenda kumwona mwanawe, akimshonea na kijoho. Nililijua hilo sasa, kwa macho yangu. Hofu haikupungua hata kidogo. Hofu ya namna hiyo haikai kichwani.

Jumamosi nikaenda kwa Yusta nimwonye. Mlango umefungwa. Jirani akasema wamekwenda Kawe kupeleka sare za shule na watalala huko kwa ndugu. Nikamwandikia ujumbe kwenye simu, haukufika, simu imezimwa. Nikageuza nikaenda kwa Mzee Kondo. Alikuwa anashona soli, nikakaa kwenye kigoda cha wateja nikamweleza kila kitu.

"Hata kwetu Waislamu nilimwona mmoja," akasema kwa mikono, gundi ikiwa imemganda vidoleni. "Alijiita shehe. Alisema asiyemtii yeye hamtii Mungu, watu wakaacha hata kuzika ndugu zao. Kitabu ni kingine, maneno ni yaleyale."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Basi tafsiri ukiwa unaogopa. Yusta ataona mikono inatetemeka, atajua kuna jambo. Ukimdanganya, mikono itatulia. Hapo ndipo mie nitakapokuogopa wewe."

Akarudi kwenye soli yake. Hakunipa chai wala pole.

Jumapili kanisa lilijaa. Yusta na Upendo waliingia wakiwa wamechelewa, moja kwa moja kutoka Kawe, na ibada ilikuwa imeshaanza. Nikajaribu kumwashiria Yusta kwamba tuongee, lakini nilikuwa natafsiri, na mkalimani hana mikono ya ziada. Mtume akasoma Hana. Akashuka jukwaani, akamshika Upendo mkono, akapanda naye. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Mtoto huyu leo ni wa Bwana," akasema. "Ataishi Nyumba ya Samweli, chini yangu. Mama yake, unamtoa?"

Akanitazama mie.

Nikainua mikono. Ilikuwa inatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Nikatafsiri nilivyofunzwa, neno kwa neno, kwa nafsi ya msemaji: "Mtoto huyu leo ni wa Bwana. Ataishi Nyumba ya Samweli, chini yangu. Mama yake, unamtoa?"

Yusta alitazama mikono yangu, akatazama uso wangu, halafu akamtazama mwanawe. Akasimama. Akasema kwa mikono mipana, ya kuonekana hadi nyuma:

"Hapana. Ni mwanangu. Simtoi."

Sasa ilikuwa zamu ya mdomo wangu. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Niliona neno "anasema" limenisimamia kwenye ulimi, jepesi, tayari kuniokoa. Ningelisema tu, ningekuwa mie sipo.

"Hapana," nikasema, na spika zikaipeleka sauti yangu hadi barabarani. "Ni mwanangu. Simtoi."

Mtoto mmoja akalia huko nyuma, akanyamazishwa.

"Nani anasema hivyo?" Mtume akauliza. "Wewe au yeye?"

Nikalitafsiri na hilo swali, maana naye lilimhusu. Yusta akajipiga kifua. Nikasema, "Mimi, Yusta."

Mtume akatoa mkono wake kichwani mwa mtoto, akaunyoosha upande wetu. Akaanza na Kora. Akasema waliompinga Musa ardhi ilifunua kinywa, na kwamba ardhi ya Kiwalani ni ardhi ileile. Akasema nyumba ya mwanamke huyu itamezwa, na mwanamke aliyemsemea ataona kwa uzao wake. Akaamuru wote wanyooshe mikono. Nikaona mikono ya watu niliokula nao, niliozika nao, inanyooshwa kunielekea.

Nikatafsiri. Nyie mtaniuliza kwa nini sikuacha. Sikuacha kwa sababu Yusta alikuwa ananitazama, na ilikuwa haki yake kujua anasemwa nini. Nilitafsiri laana yake, halafu nikatafsiri yangu, uzao wangu, mimba ya Nsia, kwa mikono yangu mwenyewe, huku machozi yananitiririka na siwezi kuyafuta.

Yusta akauliza, uso umekunjamana, anataka kuelewa: "Ardhi itatumeza? Lini?"

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Lini?"

Hakuwa anatania, alikuwa anaogopa na anataka kujua. Lakini pale juu, Upendo akaanza kusema na mama yake kwa vidole vidogo, chini ya kiuno, ambapo Mtume hakuona: "Mama, njoo unichukue. Njoo sasa hivi."

Yusta akaenda. Alipanda ngazi za jukwaa, akamshika mtoto, akashuka naye. Hakukimbia. Mie nikaweka kipaza sauti kwenye benchi nikawafuata. Mlangoni walisimama wahudumu wameshikana mikono. Mtume akaita, "Asitoke mtu!" Mama Loveness alikuwa katikati yao. Alinitazama, akamtazama Upendo. Akaachia mkono wa mwenzake, akasogea pembeni. Tukatoka.

Mnadhani nje tulishangilia? Tulitembea tu, na mie nilikuwa naitazama ardhi kila nilipokanyaga.

Masika yaliingia wiki ileile. Mvua ilinyesha Kiwalani maji yakaingia vyumbani, na asubuhi moja choo cha nyumba aliyopanga Yusta kikatitia. Shimo lilifunuka, kuta zikaingia ndani na mlango wake, pakabaki tope linalotokota. Hakuna aliyekuwemo. Lakini hebu jiwekeni pale. Tuliambiwa ardhi itafunua kinywa, na ardhi imefunua kinywa. Watu wa kanisa walikuja kuangalia, wengine wakapiga picha, hawakutusalimia. Yusta akanishika mkono, akauliza, "Ni yeye?"

Nilimwambia, "Sijui."

Fundi aliyeitwa kuchimba kingine alikuwa kijana wa mtaani, matope hadi mapajani. Nikamuuliza kama ameshawahi kuona kitu kama hiki. Akacheka.

"Mama, shikamoo kwanza. Huu mchanga mtupu, kila masika vinazama. Jana nimetoka kuchimba cha mzee wa kanisa lenu hapo juu, kimeondoka na ndoo na kandambili zake."

Nilicheka mpaka nikalia. Halafu simu ikalia. Mkwe wangu akasema Nsia ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya.

Sitaki kuisimulia sana siku ile. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikamwomba Mungu radhi kwa kosa ambalo sikulijua. Niliwaza nimrudie Mtume, nipige magoti, nimwambie atoe maneno yake. Nilikuwa nimeshasimama niende. Muuguzi akatoka akaniambia, "Bibi, mjukuu wa kiume, wote wazima." Nikakaa tena. Hadi leo najua kwamba kama angechelewa kidogo, ningekuwa njiani kwenda Kiwalani. Hivyo ndivyo wanavyowashika watu, wanangu. Wanatamka neno halafu wanasubiri. Na maisha hayakosi choo kitakachotitia wala mtoto atakayekaa vibaya.

Wiki kadhaa baadaye Mama Loveness alikuja kwangu Temeke, amejitanda khanga kana kwamba ana baridi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama Nsia, ulipata nini baada ya kutoka?"

"Mjukuu."

"Na Yusta?"

"Choo kipya."

Hakucheka. "Namtaka mwanangu," akasema, kwa sauti ndogo sana, kisha akatazama dirishani kama kuna aliyesikia.

Tulikwenda Kinyerezi mchana, yeye, mie, Yusta aliyekataa kubaki, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wa kule, mzee mpole aliyekuwa akijifuta jasho kila hatua. Mke wa Mtume alitufungulia geti nusu. Akasema aliyeshika jembe hatakiwi kutazama nyuma, na kwamba Hana hakurudi kudai. Yusta hakusikia lolote, wala sikuwahi kutafsiri. Alimpita tu yule mama, akaingia uani.

Loveness alikuwa anafua, rundo la nguo limemzidi kimo. Aliponyanyuka na kumwona mama yake, hakumkimbilia. Alimtazama mke wa Mtume.

"Twende nyumbani," mama yake akamwambia.

"Nimeruhusiwa?"

Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Umeruhusiwa, mjukuu wangu. Nenda na mama."

Lile kanisa lipo. Limepanuliwa, na Mtume bado anahubiri, na kuna mkalimani mwingine pale mbele, kijana kama nyie. Sijui ameambiwa nini ofisini. Mie mvua ikinyesha sana bado naamka nikasikilize ardhi, siwafichi. Lakini mkiulizwa siku moja maneno ni ya nani, jibuni kwa nafsi ya mwenye maneno, hata kama magoti yanagongana.

Siku ile tulirudi na Loveness kwa bajaji hadi kwa mama yake. Tukaingia ndani, mama yake akawasha jiko la chai, mie na Yusta tukakaa mkekani. Loveness alibaki amesimama mlangoni, mikono ameiweka mbele.

"Kaa, mwanangu," mama yake akasema.

"Nikae wapi?"

"Popote."

Akatazama mkeka, akatazama kiti, akatazama kitanda alichozaliwa akakikuta. Akaendelea kusimama. Mama yake akaacha chai, akaja akasimama naye palepale mlangoni, bega kwa bega, na sie wengine mmoja mmoja tukanyanyuka, tukasimama nao.